Rahisi Iliyoifikia Ghali

Wahenga walinena, rahisi huvunja upishi. Mimi nasema si kila rahisi.

Mwezi wa Agosti 1998 kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa prosesa mbili, yaani kile kichwa cha kompyuta kipigacho hesabu. Celeron 300A ilikwenda mapigo milioni 300 kwa sekunde, bei ya jumla dola 149. Pentium II mpya ilikwenda milioni 450, bei dola 669.

Mafundi wapenzi wa kompyuta wakaijua siri. Celeron ilifuata mdundo wa milioni 66 wa ubao mkuu, ikiuzidisha mara nne na nusu. Wakaupandisha mdundo hadi milioni 100, nayo ikafika 450, sawa na ndugu yake wa dola 669! Lakini si zote zilizostahimili. Nyingine zilitaka umeme zaidi na feni kubwa. Nyingine ziligoma kabisa.

Mwenye kuharakisha mashine yake simlaumu. Faida yake na hasara yake. Ninaowalaumu ni walaghai wa miaka hiyo ya 1990, waliofuta alama za prosesa duni wakachapa za juu, wakauza. Hiyo ni kupunja mizani, na kuficha aibu ya bidhaa ni haramu.

Basi ndugu msomaji, ununuapo kompyuta iliyotumika, muulize muuzaji: mbio hizi ni za kiwandani ama za kuongezwa? Mkweli hatakasirika.