Bibi Titi Mohamed: Kiongozi aliyejiuzulu kwa sababu ya nyumba za kupangisha

KILA siku maelfu ya wakazi wa Dar es Salaam hupita katika Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Ni barabara inayopita Mnazi Mmoja, ikaizunguka sehemu ya katikati ya jiji na kufika ilipo Maktaba Kuu ya Taifa. Wengi wanalijua jina hilo kama kituo cha kushukia, na baadhi wanakumbuka kutoka vitabu vya historia ya shule kwamba mwenyewe alikuwa mpigania uhuru.

Jambo lisilosemwa mara nyingi ni kwamba mwanamke huyo, aliyekuwa mama, mwimbaji, kiongozi na mwenye nyumba za kupangisha, aliwahi kutakiwa kuchagua kati ya cheo chake na mali yake. Akaacha cheo.

Uamuzi huo wa mwaka 1967 bado unastahili kuelezwa, kwa kuwa hauwezi kueleweka bila kufahamu maana ya nyumba ya kupangisha kwa mwanamke wa Dar es Salaam wa kizazi chake.

Kutoka ngoma hadi siasa

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, katika familia ya Kiislamu. Aliozwa akiwa bado msichana mdogo, na ndoa hiyo ilivunjika baada ya kumzaa binti yake. Kabla ya kuingia katika siasa, mji ulimfahamu kama mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba.

Chama cha TANU kilizaliwa Julai 7, 1954. Bibi Titi alijiunga nacho mapema, pamoja na mumewe wa wakati huo, Boi Selemani, naye akapewa kadi namba 16. Mwaka 1955 John Hatch wa Chama cha Labour cha Uingereza aliitembelea Tanganyika na kuwauliza viongozi wa TANU wanawake wao wako wapi. Baada ya swali hilo sehemu ya wanawake ilianzishwa, na Bibi Titi akachaguliwa kuiongoza.

Kwa mujibu wa mtafiti Susan Geiger, aliyemhoji yeye na wenzake na kuchapisha kitabu mwaka 1997, hadi Oktoba 1955 wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamekwishajiunga. Wanachama hao walipatikana kwa njia ambayo wanaume wa chama wasingeiweza. Bibi Titi aliviendea vikundi vya ngoma, ambavyo tayari vilikuwa na viongozi wake, michango yake na utaratibu wa kuitana, na kupitia vikundi hivyo ujumbe wa chama ukaingia majumbani.

Wengi wa wanawake hao hawakuwa na kazi za ofisini. Walipika maandazi na vitumbua wakauza, au walipangisha vyumba. Kwa kuwa fedha hizo zilikuwa zao, waliweza kulipa ada ya kadi na kuchangia safari za viongozi bila kusubiri mshahara wa mume, na hivyo biashara zao ndogo zikawa sehemu ya mtaji wa harakati za uhuru.

Nyumba kama kinga ya mama

Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala au Magomeni kwa kawaida ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, baraza mbele na ua nyuma. Mwenye nyumba aliweza kukaa katika chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Haikumlazimu kuwa na elimu wala kuajiriwa. Alihitaji kiwanja, akiba ya kujengea na subira.

Kwa mwanamke, faida haikuwa kodi ya mwezi peke yake. Katika sheria ya Kiislamu mali ya mke ni yake, haiwi ya mume kwa sababu ya ndoa. Mwanamke aliyeachwa, au aliyefiwa na mume, alibaki na paa juu ya kichwa chake na kipato cha kuwalisha watoto. Mwanamke ambaye hakuwahi kuajiriwa hakuwa na pensheni ya kutegemea uzeeni. Nyumba ndiyo iliyokuwa pensheni yake na urithi wa wanawe.

Bibi Titi alikuwa miongoni mwa wanawake hao. Baada ya uhuru mwaka 1961 aliingia katika serikali kama waziri mdogo, na Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, ulipoanzishwa mwaka 1962, yeye akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Lakini cheo cha siasa si mali ya kudumu, na mwaka 1965 alipoteza kiti chake cha ubunge. Nyumba zake alibaki nazo.

Azimio lamweka njia panda

Mwishoni mwa Januari 1967, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Arusha na kupitisha azimio la kujenga ujamaa, lililotangazwa Februari 5. Sehemu mojawapo ilihusu uongozi. Kiongozi alitakiwa awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, na asiwe na nyumba ya kupangisha watu wengine. Masharti hayo yalimhusu kiongozi pamoja na mwenzi wake wa ndoa.

Hoja ya Mwalimu Julius Nyerere ilikuwa na uzito wake. Uhuru ulikuwa na miaka mitano tu, na tayari baadhi ya viongozi walikuwa wameanza kutumia nafasi zao kujilimbikizia mali. Mwalimu aliona kwamba anayeishi kwa jasho la wengine hawezi kuwaongoza kuondoa unyonyaji.

Hata hivyo, sharti hilo halikutofautisha kati ya kigogo anayejenga kwa nguvu ya cheo na mama anayejenga kwa sababu hana tegemeo jingine. Bibi Titi alilipinga. Hakuziandikisha nyumba zake kwa jina la mtu mwingine ili abaki na wadhifa. Alijiuzulu nafasi yake katika Kamati Kuu ya TANU.

Kizimbani na gerezani

Oktoba 1969 alikamatwa pamoja na watu wengine, miongoni mwao aliyekuwa Waziri wa Kazi, Michael Kamaliza. Walishitakiwa kwa kula njama za kuipindua serikali, katika kesi ya kwanza ya uhaini ya Tanzania, iliyosikilizwa kuanzia mwaka 1970. Oscar Kambona, aliyetajwa kuwa kinara wa njama hizo, alikuwa uhamishoni. Bibi Titi alikana mashitaka, akatiwa hatiani na kuhukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 aliachiwa kwa msamaha wa Rais Nyerere.

Aliporudi uraiani, mwanamke ambaye sauti yake iliwahi kuujaza uwanja wa Mnazi Mmoja aliishi kimya, mbali na majukwaa, kwa karibu miongo miwili.

Mwaka 1991 mambo mawili yalitokea. Februari, Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi, na kuanzia hapo kiongozi aliruhusiwa kuwa na hisa, kupokea zaidi ya mshahara mmoja na kupangisha nyumba. Desemba, taifa lilipoadhimisha miaka 30 ya uhuru, Bibi Titi alitajwa tena hadharani kama shujaa wa ukombozi.

Hivyo, jambo lililomtoa katika uongozi likawa halali miaka 24 baadaye. Hakuna kiongozi aliyelazimika tena kujiuzulu kwa sababu ya nyumba ya kupangisha, lakini yeye alikuwa amekwisha kulipa.

Bibi Titi alifariki dunia Novemba 5, 2000 katika hospitali moja mjini Johannesburg, Afrika Kusini, alikokuwa akitibiwa. Barabara yenye jina lake inamkumbuka kama mpigania uhuru, na hiyo ni haki yake. Lakini katika mitaa ya Kariakoo na Magomeni bado wapo akina mama wanaosomesha watoto kwa kodi ya vyumba viwili vitatu, na hao wana sababu ya kumkumbuka pia kama mwenzao.