Baridi ya Julai: kutoka Embulbul hadi Naro Moru bila kuliwa depoziti

Mkazi wa Embulbul hahitaji kuambiwa baridi ni nini. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu unateremka kutoka Ngong, nguo zinakaa kwenye kamba siku tatu bila kukauka, na asubuhi kwenye stegi ya 111 kila mtu ameficha mikono mifukoni. Lakini kuna watu ambao baridi ya nyumbani haiwatoshi. Kikifika kipindi hiki magrupu ya WhatsApp yanajaa picha za nyumba za mbao mlimani, moto unawaka ndani na nje kilele kina weupe. Mtu anaandika, "Twendeni hata siku mbili." Safari imeanza hapo, na matumizi ya pesa pia yameanza.

Tuseme ukweli kwanza: Kenya haina kijiji cha kuteleza kwenye theluji. Mkenya aliyetupeleka kwenye Olimpiki ya majira ya baridi mwaka wa 1998 kule Nagano, Philip Boit, ilibidi akajifunzie mchezo huo Ufini. Alimaliza wa mwisho katika mbio za kilomita 10, na mshindi Bjørn Dæhlie wa Norway akamngoja kwenye mstari wa kumalizia ili amkumbatie. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Sisi wengine tunabaki na theluji ya kutazama, na hiyo iko Mlima Kenya.

Kama mfuko hauruhusu kwenda mbali, vilima vya Ngong viko hapo juu tu. Vinafika karibu mita 2,460, upepo wake ndio unaozungusha mitambo ya umeme ya KenGen, na ukitembea vilele vyote unatokea Kona Baridi. Jina hilo halikutolewa bure. Hiyo ni safari ya asubuhi hadi jioni. Anayetaka kulala ugenini apande hadi Naro Moru, kama kilomita 175 kaskazini mwa Nairobi. Ukijaliwa asubuhi isiyo na mawingu, unafungua dirisha unauona mlima wote.

Sasa pesa. Chukua mfano wa marafiki sita wanaotaka kulala huko usiku mbili mwezi wa Julai. Wakianza Aprili, mia moja kila siku kwa siku 90 ni shilingi 9,000 kwa kila mmoja. Kutuma shilingi 100 au chini yake ndani ya M-Pesa hakuna ada, kwa hivyo michango midogo ya kila siku haiwaumizi. Shida huwa ni pesa kukaa kwenye laini ya mtu mmoja, pamoja na karo yake, kodi yake na unga wake. Si lazima awe mwizi. Siku moja tu ananunua gesi, anasema atarudisha, na mwisho wa mwezi mnaangaliana. Njia tunayoiona nzuri zaidi ni kila mtu ajifungie akiba yake mwenyewe, kwa mfano kwenye akaunti ya kufunga ya M-Shwari, kisha mchange siku ya kulipia chumba. Na mtu asikope Fuliza ili aende kuota moto mlimani. Ada yake inahesabiwa kila siku, hata siku ambazo mnapiga picha.

Tukae kidogo kwenye depoziti, kwa sababu hapo ndipo watu wa kwetu wanapoliwa.

Mchezo wenyewe uko hivi. Tangazo liko Facebook, nyumba ni nzuri, bei iko chini kidogo kuliko za majirani. Unauliza, unajibiwa haraka na kwa heshima, "Karibu sana dada." Halafu unaambiwa imebaki nyumba moja, kuna familia nyingine inaitaka, tuma nusu sasa hivi ushikiwe. Namba unayopewa ni ya mtu binafsi. Ukiuliza mbona si ya biashara, unaambiwa Till ina shida leo, hii ni ya mhasibu. Unatuma. Meseji zinaendelea kujibiwa siku mbili hivi, kisha picha ya wasifu inapotea. Nyumba ipo kweli, ila mwenyewe hajawahi kukusikia. Picha ziliibwa kwenye ukurasa wake.

Ukiharakishwa, punguza mwendo. Itafute nyumba hiyo kwenye ramani ya simu, uchukue namba iliyo pale na upige hiyo, wala si ile ya kwenye tangazo. Omba simu ya video na uambie mtu atembee hadi getini akuonyeshe kibao. Aliye pale atalalamika kidogo kuhusu bando lakini atafanya. Mkora atakuwa na sababu kumi. Uliza pia leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Na kabla ya kukubali malipo, soma jina linalotokea kwenye skrini. Hakikisha iliwekwa kwa ajili hiyo. Kama nyumba inaitwa jina moja na Till inaleta jina la duka la viatu, simama hapo. Lakini Till yenye jina zuri nayo si ushahidi kamili, maana hata tapeli anaweza kusajili moja. Ndiyo maana simu ya video inakuja kwanza.

Wengi wanadhani pesa ikishaenda vibaya wataituma meseji 456 irudi. Huduma hiyo ilitengenezwa kwa mtu aliyekosea namba, na inafaulu kama pesa bado iko kwa aliyepokea. Mkora haachi pesa ilale. Anaitoa kwa wakala kabla hujaanza kushuku. Bado, ukigundua, tuma meseji yote ya malipo 456 dakika hiyo hiyo, ripoti namba yake kwa kuituma 333, kisha nenda kituo cha polisi na taarifa ya malipo. Usifute mazungumzo kwa hasira. Hayo ndiyo ushahidi wako.

Barabarani mambo ni mepesi. Unashuka mjini, unapanda za Nanyuki, unapita Kenol, Sagana, Karatina. Lipa nauli kwa namba iliyoandikwa ndani ya gari na umwonyeshe kondakta meseji kabla hajafika viti vya nyuma.

Wanaotaka kuingia hifadhi ya Mlima Kenya wajue getini hawapokei noti. Malipo ya KWS yanapitia eCitizen, na Paybill ya serikali ni moja, 222222. Namba ya akaunti ni ile ya bili yako, si jina lako wala kitambulisho. Maliza haya ukiwa bado Naro Moru mjini, kwa sababu ukipanda kuelekea Met Station, mita 3,050 juu, mtandao unakuja na kupotea kama ukungu wenyewe. Watu wengi hulipa mara mbili hapa: wanabonyeza, hakuna jibu, wanabonyeza tena, na jioni wakishuka meseji mbili zinaingia pamoja. Meseji isipokuja, usirudie. Angalia salio kwanza kwa *334#, ambayo haihitaji bando.

Mtu anayekuja mbio getini akisema amekutumia pesa kimakosa, naye mpe subira hiyo hiyo. Angalia salio, si meseji. Ile ya kweli inatoka kwa jina MPESA, haitoki kwa namba ya kawaida. Na hata kama pesa imeingia kweli, mwambie aombe irudishwe kupitia 456 badala ya wewe kumtumia mwenyewe.

Toa pesa taslimu kidogo kabla ya kupanda, ya boda, ya mahindi choma na ya vijana wanaobeba mizigo. Mawakala wa miji midogo wikendi wanaweza kuishiwa, na ukifika saa mbili usiku ukute kibanda kimefungwa, itabidi ulale na salio zuri kwenye simu na njaa tumboni.

Kitu cha mwisho wengi hukisahau: baridi inamaliza betri. Simu iliyoonyesha asilimia 40 ndani ya chumba inaweza kuzima nje saa kumi na moja alfajiri. Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, na mpe mwenzako mmoja nakala ya namba ya bili na ya mwenye nyumba. Andikeni kwenye karatasi. Mkiwa sita, simu mbili zibaki zimezimwa hadi siku ya kurudi, kwa sababu nauli ya kuwafikisha Embulbul iko humo.