Figo ya Baba, Tumbo la Mtoto

Wazee wa Kigoma wanaijua habari ya meli yetu ya Liemba. Iliundwa kwanza Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi ziwani, ambako iliunganishwa upya. Hakuna aliyetaka kugundua hapa gatini, mbali na kiwanda, kwamba bamba fulani halikai mahali pake.

Tumeikumbuka habari hiyo kwa sababu ya jambo la utabibu linalowahusu watoto.

Mwezi Novemba 2015, mjini London, mtoto wa kike wa miaka 3 kutoka Ireland ya Kaskazini alipandikizwa figo ya baba yake mzazi. Figo zake mwenyewe ziliharibika alipokuwa mchanga, moyo wake uliposhindwa kusukuma damu ya kutosha, na ikabidi aishi kwa kusafishwa damu kwa mashine. Baba alikuwa radhi kutoa. Shida ilikuwa kipimo. Figo ya mtu mzima ina urefu wa sentimita 11 hivi. Mtu mzima mwenzake huwekewa upande wa chini, karibu na nyonga, na nafasi ipo. Kwa mtoto mdogo figo hiyo huingizwa ndani ya tumbo na kuunganishwa na mishipa mikubwa ya damu inayopita mbele ya uti wa mgongo. Ikibanwa, mishipa hujikunja, damu haifiki, na figo hufa; baba amekwisha kutoa chake na mtoto hakupata kitu.

Madaktari wa hospitali za Guy's and St Thomas', wakishirikiana na wenzao wa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, walipiga picha za ndani za baba na za mtoto. Picha hizo zikaongoza mashine ya kuchapa isiyochapa herufi juu ya karatasi, bali hugandisha plastiki tabaka juu ya tabaka mpaka kitu kikapata urefu, upana na kina. Wakapata kielelezo cha figo ya baba na kielelezo cha tumbo la mtoto, kwa ukubwa ule ule hasa. Wakavishika mikononi, wakapima pa kuiweka figo, kabla kisu hakijagusa ngozi. Ni kweli kielelezo hakitoki damu, na mkono wa mpasuaji ndio unaobaki na kazi. Lakini siku ilipofika, figo ilitolewa Guy's, ikavushwa mto Thames, ikakaa mahali ilipokusudiwa. Mwezi Januari 2016 kazi hiyo ilitangazwa kuwa ya kwanza ya aina yake duniani.

Msomaji atauliza: ya London yatuhusu nini sisi wa Ujiji? Yatuhusu sana. Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Nchini kwetu mtoaji ni ndugu wa mgonjwa aliye hai. Basi kwa mtoto mdogo, figo itakayopatikana ni ya baba au mama, nalo swali la London ndilo swali letu. (Wanaouliza kama kutoa ni halali wajue kwamba Baraza la Fikihi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1988, liliruhusu, kwa sharti kwamba mtoaji asihatarishe uhai wake wala kiungo kisiuzwe.)

Tusidanganyike kwamba kikwazo ni mashine ya kuchapa. Vijana wa kituo cha Buni, Dar es Salaam, wamekwisha kuunda mashine ya namna hiyo kwa mabaki ya kompyuta mbovu. Kazi kubwa imo katika picha na katika mtu wa kuisoma. Kielelezo kilichotokana na picha mbaya ni uongo unaoshikika mkononi.

Katika mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa shilingi trilioni 1.3 wa mwaka 2021, zilitengwa fedha za kununua mashine za CT skani kwa hospitali za rufaa za mikoa. Picha yake husafiri kwa dakika chache. Mtoto wa Kalya au Kagunga husafiri kwa boti, kisha zaidi ya kilometa 1,200 za reli, na wenzetu wa Pemba hawahitaji kuelezwa maana ya kuvuka maji na mgonjwa. Viongozi wa Chama na Serikali waulize vikaoni: ni nani anayezisoma picha hizi mikoani, zinatunzwa wapi, na kwa nini zisitangulie kufika Muhimbili kabla mzazi hajauza mtumbwi wake apate nauli.