Namba Badala ya Rundo: Jinsi Kompyuta Zinavyotaja Vitu Vyenye Uhusiano

Katika daftari la mahudhurio, jina la mwalimu wa darasa huandikwa mara moja tu juu ya ukurasa, na majina ya wanafunzi hufuata chini yake. Hakuna mwalimu aandikaye habari zake zote kando ya jina la kila mwanafunzi; daftari lingejaa kabla orodha haijafika katikati. Jambo hilo binadamu hulitambua bila kufundishwa, lakini mashine haina budi kuelekezwa.

Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mtaalamu mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM nchini Marekani, alitoa makala iliyoweka msingi wa hifadhidata zinazotumika hadi leo. Kwa mujibu wa nadharia yake, habari hupangwa katika majedwali, na kila mstari wa jedwali huwa na ufunguo wake usiorudiwa. Jedwali la wanafunzi halibebi habari za darasa. Hubeba ufunguo wa darasa tu.

Java, lugha ya programu iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995, huyatazama mambo kwa namna nyingine. Ndani yake mwanafunzi ni kitu kimoja na darasa ni kitu kingine, na kila kimoja humwelekea mwenzake kwa kiungo kilichomo katika kumbukumbu ya mashine. Kiungo hicho hakina maana nje ya programu hiyo. Kwa hiyo habari zinapotakiwa kwenda kwenye mashine nyingine kwa njia ya intaneti, sharti vitu hivyo vigeuzwe kuwa maandishi yaliyofuatana. Mtindo utumikao sana kwa kazi hiyo ni ule uitwao JSON.

Hapo ndipo penye tatizo. JSON imejengwa mfano wa mti: tawi huzaa vitawi, wala halirudi shinani. Programu ianzapo kumwandika Asha, hulikuta darasa lake. Iliandikapo darasa, huikuta orodha ya wanafunzi. Na katika orodha hiyo humkuta Asha tena. Mzunguko huo hauna mwisho. Kila hatua hula sehemu ya kumbukumbu, hata nafasi ikaisha na kazi ikavunjika, na mzazi aliyeomba matokeo ya mtoto wake asipate jibu.

Hata pasipo mzunguko, hasara ipo. Chukulia kwamba wanafunzi ni 40 na habari za darasa lao zina herufi 500. Habari hizo zikirudiwa kwa kila mwanafunzi, herufi 20,000 zitasafirishwa. Zikiandikwa mara moja, na kila mwanafunzi akapewa ufunguo wa tarakimu 4 tu, jumla ni 500 na 160, yaani 660. Penye mtandao wa polepole, au pale kila kipimo cha data hulipiwa, tofauti hiyo si ndogo.

Dawa, basi, ni kurudi kwenye ufunguo. Maktaba ya Jackson, itumiwayo na watunzi wengi wa programu za Java, ilipata mwaka 2012 alama maalumu za kuiagiza programu iandike namba ya kitu mahali pa kitu chenyewe. Mpokeaji akihitaji habari zaidi, huiomba kwa namba hiyo.

Hata hivyo, dawa hii ina masharti yake. Mpokeaji akihitaji habari za madarasa 40 tofauti, huenda akalazimika kuomba mara 40, na safari nyingi nazo huchelewesha. Tena, namba zifuatanazo hubahatishwa kwa urahisi. Aliyepewa 17 aweza kujaribu 18. Kwa hiyo kila ombi lazima lichunguzwe kama mwombaji anayo haki. Namba hutambulisha, bali haitoi ruhusa.

Walimu waweza kulionyesha jambo hili darasani kwa karatasi. Kila mwanafunzi aandike jina lake na la rafiki yake, kisha mmoja aagizwe kunakili habari zote za kila anayetajwa, bila kuacha hata moja. Marafiki wawili waliotajana watatosha kuonyesha kwa nini kazi hiyo haiishi. Ndipo kila karatasi ipewe namba, na zoezi lirudiwe.