Madaktari Waliojifanya Wanasaga Meno

Haya wajukuu, sogeeni. Kila mmoja aweke vidole mbele kidogo ya masikio, afungue kinywa polepole, kisha afunge. Mmehisi kitu kikiteleza? Hicho ni kiungo cha taya. Kiwiko hujikunja tu kama bawaba ya mlango. Hiki hujikunja halafu huteleza mbele. Tena viko viwili na mfupa ni mmoja, hivyo cha kushoto hakiendi mahali bila cha kulia kujua. Sasa kazeni meno kwa nguvu na mshike mashavu. Kile kinachovimba ni msuli wa kutafuna.

Kuna watu ambao hapo ndipo panapouma. Mwayo unauma, muhogo wa kuchoma unauma, hata kucheka kunauma. Mwaka 1934 James Costen, daktari wa masikio na koo mjini St. Louis, Marekani, aliandika kwamba chanzo ni meno yaliyong'oka au yasiyokutana vizuri. Basi kwa miaka mingi madaktari wa meno wakawa wanasaga meno ya wagonjwa ili yakutane sawasawa. Na jino likishasagwa halioti tena, mnajua wenyewe.

Kule Chicago, katika Chuo Kikuu cha Illinois, alikuwapo Daniel Laskin, mpasuaji wa kinywa na mwalimu. Mwaka 1969 aliandika kwamba mara nyingi kosa si la meno. Ni misuli iliyochoka, kwa sababu mtu mwenye wasiwasi hukaza taya mchana na kusaga meno usiku. Wenzake wengi hawakupenda kusikia hivyo. Utawaambiaje watu kwamba kazi yao ya kila siku huenda haina maana?

Laskin na mwenzake Charles Greene hawakubishana nao sana. Walifanya jaribio, wakalichapisha mwaka 1976 pamoja na mwenzao Goodman. Wagonjwa 25 waliketi kitini, wakafanyiwa kazi ya kusaga meno. Kumbe ni maigizo! Namna meno yanavyokutana haikubadilishwa hata kidogo. Maigizo hayo yakarudiwa mara ya pili. Wagonjwa 16 wakasema maumivu yamekwisha, au karibu yaishe.

(Siku hizi kamati ya maadili ingewauliza maswali mengi kabla ya kuwaruhusu.)

Naona mnacheka. Mnadhani wale 16 walikuwa waongo? Hapana. Maumivu yao yalikuwa ya kweli, na nafuu yao pia. Habari za maumivu ya uso hupita katika neva moja kubwa hadi kwenye ubongo, na ubongo huweza kuzipunguza au kuzikuza. Mtu akimwamini daktari, wasiwasi hupungua na msuli hulegea. Tena maumivu mengi ya aina hii hutulia yenyewe baada ya muda. Aliyeaibika pale si mgonjwa, ni ile mashine ya kusagia meno.

Mwaka 1992 Samuel Dworkin wa Seattle, daktari wa meno aliyekuwa pia mwanasaikolojia, pamoja na Linda LeResche, walitoa mwongozo wa kuwapima wagonjwa hawa. Kiungo na misuli vinakaguliwa, kisha mgonjwa anaulizwa pia kuhusu huzuni na maisha yake.

Sasa fungeni midomo, lakini meno yaachane kidogo, kama milimita 2 au 3. Hivyo ndivyo taya linavyopumzika.