Barua Zilizoibwa Norwich

Leo twazungumza habari za wataalamu wa hali ya hewa.

Novemba 2009 mwizi aliingia katika kompyuta za Chuo Kikuu cha East Anglia, mjini Norwich, Uingereza, akatoa barua pepe zaidi ya 1,000. Mwezi uliofuata mataifa yalikuwa yakutane Copenhagen kushauriana juu ya joto la dunia.

Barua moja ya mwaka 1999 ilitaja hila ya kuficha kupungua. Wapinzani wakapiga kelele: kumbe joto lapungua! Sivyo. Mti ukikatwa, shinani mna pete, na wataalamu huzisoma wapate kujua joto la zamani. Lakini tangu mwaka 1960 hivi, pete za miti fulani ya kaskazini zilionyesha joto likishuka, hali vipimajoto vilionyesha likipanda. Basi katika mchoro mmoja pete za miaka hiyo ziliachwa, vikatiwa vipimajoto, wala msomaji hakuelezwa. Hapo palikuwa na kosa.

Tume ya Sir Muir Russell ilisema Julai 2010 kwamba uaminifu wao hauna shaka, ila walikuwa wazito kuwaonyesha wengine hesabu zao. (Mwenye duka afichaye daftari, nani asimshuku?)

Polisi walifunga upelelezi mwaka 2012 bila kumpata mwizi.