Namba Iliyodhaniwa Tasa

Katika taaluma ya hisabati, namba tasa ni namba nzima iliyo kubwa kuliko 1, isiyogawika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Istilahi hii imetokana na neno la kawaida, tasa, yaani asiyezaa. Makala hii inaichunguza namba moja iliyobebeshwa jina hilo pasipo haki kwa zaidi ya karne mbili: 147,573,952,589,676,412,927.

Namba hii yenye tarakimu 21 hupatikana kwa kukipandisha 2 hadi kipeo cha 67, kisha kutoa 1. Ikiandikwa kwa mfumo unaotumia tarakimu 0 na 1 pekee, huwa safu ya moja 67 zisizochanganyika na sufuri yoyote. Namba za aina hii huitwa namba za Mersenne, kutokana na mtawa Mfaransa Marin Mersenne, ambaye mnamo 1644 alidai kuwa kipeo cha 67 huleta namba tasa.

Dai hilo lilikuwa na mvuto. Ili namba ya aina hii iwe tasa, sharti kipeo chake kiwe tasa, na 67 ni tasa. Hata hivyo, sharti hilo halitoshi. Kwa mfano, 11 ni tasa, lakini kipeo cha 11 huleta 2,047, ambayo ni zao la 23 na 89.

Mnamo 1876, Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kuwa namba hiyo kubwa si tasa. La kustaajabisha ni kwamba uthibitisho wake haukutaja kigawo hata kimoja. Ulionyesha tu kuwa namba hiyo imekosa sifa ambayo kila namba tasa ya aina yake haina budi kuwa nayo. Vigawo vilijulikana kuwapo, ila havikujulikana ni vipi.

Mnamo Oktoba 1903, Frank Nelson Cole aliwasilisha jawabu mbele ya Chama cha Hisabati cha Marekani mjini New York: 193,707,721 × 761,838,257,287. Vigawo hivi viwili ni tasa, na kila kimoja kikipunguzwa 1, kinachosalia hugawika kwa 134, yaani 67 mara mbili. Kuvizidisha ni kazi ya dakika chache kwa kalamu na karatasi. Kuvitafuta kulihitaji kazi ya muda mrefu.

Mwanafunzi wa Kiswahili ana funzo hapa. Namba tasa haikosi uzao, kwani vigawe vyake havina kikomo. Inachokosa ni wazazi, yaani namba ndogo zaidi ambazo zao lao ni yenyewe. Maana ya istilahi basi hutafutwa katika fasili yake, si katika neno ilimotoka. Aidha, Waswahili husema lisemwalo lipo. Katika hisabati, lisemwalo halina budi kusubiri uthibitisho, hata kwa miaka 232.